Cheo Kisicho na Posho

Kuna vyeo vya kupigiwa kura, kuna vyeo vya kuletewa barua yenye muhuri, halafu kuna kile anachopewa mtu kwa sababu tu alionekana akichomeka rauta ukutani. Hicho cha mwisho ndicho changu. Hapa Dongobesh, katika nyumba yenye mke, watoto, mama yangu mzazi na shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuaga, mimi ndiye waziri wa intaneti. Sikuchukua fomu, sikupiga kampeni, na posho ya kikao sijaiona hata siku moja. Lawama ndizo zinafika kwa wakati.

Chanzo cha yote ni kwaya. Mama yangu anapenda video za kwaya, na akiipenda moja haiachi: asubuhi hiyo hiyo, baada ya chai hiyo hiyo, jioni akiota moto hiyo hiyo. Kila akiigusa inashuka upya kutoka ng'ambo na bando linakatwa upya, kana kwamba wimbo ule haujawahi kufika Mkoa wa Manyara. Na mwezi wa saba wa huku juu mnaujua. Baridi inawafungia watu wote ndani, kila mmoja kajifunika shuka na simu yake, na bando la wiki nzima likifika Jumatano limeshakata roho.

Nikachukua laptopu kuukuu, ile yenye kioo kilichopasuka na herufi M iliyong'oka, nikafuta kila kilichokuwamo, nikaweka Linux, nikaijaza kwaya, picha za ubatizo, picha za harusi na mitihani ya zamani ya darasa la saba. Nikaipandisha juu ya kabati, karibu na rauta. Kuanzia hapo mtu wa nyumba hii anafungua video kwa WiFi ya ndani na bando haliguswi, maana data yenyewe haivuki ukuta. Kwa akili zangu nilitegemea walau kuku achinjwe.

Kuku alinusurika kwa sababu ya namba. Kila kifaa kwenye mtandao wa nyumbani kina namba yake, na ile laptopu nimeipa 192.168.1.10. Nikamwomba mama aiandike kwenye simu.

"Mwanangu, hiyo namba ni ya nani?"

"Si ya mtu, mama. Ni ya kompyuta."

"Wanasemaga hivyo hivyo."

Na huwezi kumlaumu. Nchi hii tumepokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mpaka vikongwe wetu wamekuwa wapelelezi. Mama akafunga simu, akaitia kwenye pindo la kitenge, na kesho yake kwaya ikaendelea kushuka kutoka ng'ambo.

Kuchoshwa na namba hakukuanzia kwa mama. Miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulipokuwa bado na mashine za kuhesabika, majina yote na namba zake yalikaa kwenye faili moja tu, HOSTS.TXT, likitunzwa na ofisi ya mama mmoja, Elizabeth Feinler, kule Stanford Research Institute, California. Ukitaka mashine yako iwe na jina unawasiliana na ofisi yake, saa za kazi, wanakuandika, na wengine wote wanalichukua faili upya. Mashine zikaongezeka, faili likavimba, ofisi ikaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaja na mpango wa kugawana mzigo, kila mmoja atunze majina ya kwake na kujua wa kumwuliza kwa mengine. Ndio DNS, na ndio tunao mpaka leo.

Anayetaka kuuelewa aache vitabu, amkumbuke mjumbe wa nyumba kumi. Mgeni kashuka stendi anamtafuta mtu. Mjumbe akimjua, anampeleka. Asipomjua, anakwenda kuulizia kwa mwenyekiti wa kitongoji, huko anaelekezwa kwa mtendaji wa kijiji, kisha kata, mpaka jibu lipatikane. Na akishalipata halisahau jioni hiyo hiyo, analiweka kichwani kwa muda, ili mgeni wa pili asimzungushe tena. Anwani ya halmashauri yetu, mbuludc.go.tz, inatafutwa kwa mzunguko huo huo, kuanzia mkiani. Anayetafuta huenda kwanza kwenye seva za mzizi, ambazo majina yake duniani ni kumi na tatu, kuanzia A mpaka M. Huko anaelekezwa kwa wanaotunza .tz, ambao wanamwelekeza kwa wa .go.tz, na huko ndiko anapoelekezwa kwa mwenye namba yenyewe. Hiyo .tz nayo tulikuja kuijengea ofisi yake hapa nchini, tzNIC, iliyoundwa mwaka 2006 na TCRA pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti.

Sasa hebu fikirini. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu yako hapa hapa Dongobesh. Naweza kwenda kwa miguu na kurudi ugali haujaiva. Lakini simu yangu ikitaka kujua halmashauri iko wapi, swali linapanda mnara, linakwenda kuzunguka kwa watu ambao Dongobesh wakionyeshwa kwenye ramani watadhani ni jina la ngoma.

(Hata majirani namba hawazitaki, kama mama. Mwaka 2022 ilikuja Operesheni ya Anwani za Makazi, nchi nzima, kila nyumba namba na kila barabara jina, kabla ya sensa ya Agosti. Kazi kubwa ikafanyika. Leo mtajie dereva wa bodaboda namba ya nyumba uone atakavyokukodolea macho. Mwambie "kwa yule mzee wa mashine ya kusaga" na mko njiani.)

Basi nikaamua: nyumba hii itakuwa na mjumbe wake. Laptopu ya juu ya kabati itajua majina ya ndani, yale ya nje itakwenda kuyauliza kwa wakubwa, na majibu itayakumbuka. Wakubwa wapo wa bure: Google wanajibu kwenye 8.8.8.8 tangu 2009, Cloudflare kwenye 1.1.1.1 tangu 2018.

Programu ya DNS yenye heshima kuliko zote ni BIND, iliyoandikwa na wanafunzi wa Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inaendesha sehemu kubwa ya majina ya dunia, na inajua hilo. Mafaili yake yanataka nukta-mkato hapa, nukta kule, na usipotia nukta mwishoni mwa jina kamili yenyewe inalibandika jina la ukoo kwa mara ya pili, ukute umesajili kitu kama "picha ya nyumbani ya nyumbani". Mimi nina watoto wa kulea. Nikachukua dnsmasq ya Mwingereza Simon Kelley, faili moja, mistari michache: jina hili lina namba hii, usilolijua kaulize kule, kumbuka majibu kiasi hiki. Programu ya watu wenye njaa na shughuli nyingine.

Nikaiwasha. Ikakataa. Kazi ya DNS inafanyika mlango namba 53, na mlango namba 53 tayari ulikuwa na mtu.

Nani? Mjumbe mwingine! Linux niliyoiweka ilikuja na wake, anaitwa systemd-resolved, amejikalia kwenye 127.0.0.53 tangu mashine ilipowaka, hakumwambia mtu, wala hana mpango wa kuachia kiti. Hajui jina hata moja la nyumba hii, kazi yake ni kupokea maswali na kuyasukuma mbele, lakini kiti ni chake. Kuna faili linaloitwa resolv.conf ambalo ndilo linasema nani aulizwe. Ukilifungua, juu kabisa limeandikwa usinihariri. Ukilihariri linakutazama kwa upole, linakubali, halafu ukiwasha mashine upya unalikuta limerudi kama lilivyokuwa, kama yule karani anayesema "sawa mzee" huku faili lako analirudisha chini kabisa ya lundo. Kumng'oa yule bwana ni lazima umpate kwenye mipangilio yake mwenyewe, umwambie aache kusikiliza mlangoni, umwashe upya, ndipo mteule wako aapishwe.

Na maonyo yote hayo kwa Kiingereza. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili kabisa, menyu kwa menyu. Nilidhani kufikia leo tungekuwa tunatukanwa na kompyuta kwa lugha ya taifa. Bado tunatukanwa kwa lugha ya watu.

Mteule akaapishwa. Nikaingia kwenye rauta, nikaandika kwamba kila kifaa kitakachojiunga kipewe laptopu yangu kuwa ndiyo ya kuulizwa majina. Kikao cha familia kikaitishwa ili tutoe majina, na hapo ndipo nilipojua kwa nini Feinler alihitaji ofisi nzima. Watoto walitaka seva iitwe jina la mchezaji wa Simba, shemeji akasema basi na rauta iitwe la Yanga, mama akauliza kwa nini chombo kisichobatizwa kipewe jina. Nikatumia mamlaka yangu ambayo sikuchaguliwa: picha zitakuwa picha.nyumbani, kwaya itakuwa kwaya.nyumbani, kikao kimefungwa.

Mke wangu akawa wa kwanza kujaribu. Akaandika picha.nyumbani kwenye simu, akabonyeza, akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Mwanamke akiangalia picha za ubatizo hanyamazi hivyo, anasema "ona alivyokuwa mdogo." Nikasogea.

Kilichotokea ni kwamba brauza ya simu haijawahi kusikia mji unaoitwa "nyumbani". Ikaona haya ni maneno ya kutafuta, ikayapeleka Google, na Google kwa moyo mweupe ikamletea mama watoto picha za nyumba. Nyumba za kisasa. Vyumba vitatu, kimoja masta, vioo mpaka chini, vigae vya kung'aa, na lile paa la kuficha ambalo ukiwa barabarani unadhani mwenye nyumba aliishiwa bati.

"Baba," akasema taratibu, akipanua moja kwa vidole viwili, "hii fundi wa hapa anaweza?"

Nikamweleza kwamba dawa ni kutia mkwaju mwishoni mwa jina, brauza ijue kuwa ni anwani. Hakusikia. Nikamweleza kwamba paa la kuficha kwa mvua za huku na mabomba ya maji yaliyofichwa ndani ya ukuta ni kuoga ukiwa kitandani. Hilo alilisikia, na hakulipenda. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuokoa bando, nikatoka na mchoro wa nyumba ambao umehifadhiwa kwenye simu yake hadi leo na unaonyeshwa kwa wageni.

Nikahamia kwenye jina lililotengwa rasmi kwa mitandao ya nyumbani tangu 2018, home.arpa, ambalo brauza inalikubali bila kwenda sokoni. Watoto wakauliza huyo Arpa ni nani na anaishi chumba kipi. Mke wangu akaitazama picha.home.arpa, akaitazama ile namba ya zamani, akasema namba ilikuwa inamtosha. Alishaishika kichwani siku ile ile niliyoitaja. Na kweli. Huyu ni mtu ambaye namba ya mita ya LUKU anaitaja kwa kichwa, tarakimu zote kumi na moja, na tokeni ya tarakimu ishirini anaibonyeza gizani huku kauma tochi mdomoni. Mockapetris alikuwa anawatumikia watu wa aina nyingine.

Aliyebaki na shida ya namba ni mama peke yake. Shemeji akaichukua simu ya mama, akabonyeza hapa na pale, akaweka alama kwenye kioo cha mbele: kipicha cha wanakwaya, ukigusa tu, video hii hapa. Mama akambariki palepale, mkono kichwani, kwa Kiiraqw kirefu. Jina lililokuwa linafanya kazi chini ya kile kipicha ni langu, nimelitolea jasho, lakini nani alibarikiwa? Shemeji.

Huyu shemeji sasa ndiye ananileta kwenye daftari. Mjumbe yeyote anajua nani katembelewa na nani, na dnsmasq ukiiruhusu inaandika kila swali lililoulizwa, saa ngapi, kutoka kifaa gani. Haisemi umesoma nini wala umeandika nini, jina tu la mlango uliogonga. Lakini majina yanatosha. Simu ambayo hakuna aliyeishika, ipo mezani kifudifudi, mwenyewe yuko shambani, inauliza majina usiku kucha: matangazo, takwimu, vitu vya kupeleleza umelalaje. Michezo ya watoto ndiyo mibaya zaidi, unafungua katuni ya kupaka rangi inasalimiana na dunia nzima. Na katikati ya vurugu hiyo, kwa utulivu wa mtu anayekwenda ibadani, simu ya shemeji, ambaye nyumba nzima inajua yuko chumbani anajisomea mtihani wa kurudia, inagonga milango ya kubeti. Asubuhi kabla ya chai. Mchana ligi za Ulaya hazijaamka, yeye kaamka. Kuna nchi ambazo sikujua zina ligi ya wanawake ya daraja la pili, nimezijulia kwenye lile daftari.

Sikusema. Mjumbe mzuri hasemi. Lakini mke wangu alinikuta nasoma, akasoma juu ya bega langu, na swali alilouliza halikuwa la kuhusu mdogo wake.

"Kwa hiyo na mimi unaniona?"

Hakuna jibu zuri la swali hilo. Ukisema ndiyo, wewe ni mpelelezi. Ukisema hapana, mbona daftari liko wazi? Nikasema linaonyesha majina tu, haliingii ndani. Akasema hata jirani mbea haingii ndani, anasimama uzioni. Nikaizima ile sehemu ya kuandika, mbele yake, kwa vidole vyangu. Anaamini nusu.

Simu ya binti yangu wa sekondari haikuwahi kuonekana humo hata kidogo. Nikashangaa, mtoto gani huyu wa kujinyima? Kumbe simu za Android tangu toleo la tisa zina kitufe cha DNS ya faragha. Ukikiwasha, maswali yako yanafungwa kwenye bahasha na kupelekwa moja kwa moja kwa mkubwa wa ng'ambo, mjumbe wa nyumbani anapitwa kama gogo. Alifundishwa shuleni, na mwenzake wa bweni. Ada ninayolipa inafanya kazi.

Lakini kazi kubwa ya cheo hiki ni lawama. Kabla ya DNS yangu, intaneti ikisumbua watu walilaumu mtandao, wakalaumu mvua, wakalaumu mnara, wakalala. Sasa kuna mhusika. Umeme ukikatika, laptopu ina betri inaendelea kuwaka, lakini rauta haina, kwa hiyo juu ya kabati anakaa mjumbe anayejua majina yote na hana wa kumwambia. Atakayeulizwa ni mimi. Paka amegundua kwamba laptopu ina joto na sasa analala juu yake, tumbo likiwa limeziba tundu la feni, mashine inapumua kama mgonjwa. Paka hasemwi, nasemwa mimi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika chini ya bahari huko kusini, intaneti ya Tanzania nzima ikachechemea, na majirani zetu wa Afrika Mashariki nao wakaumia. Watu wakasikia kwenye redio. Nyumbani kwangu walisikia redio hiyo hiyo, wakageuka wote kunitazama.

"Ulibadilisha kitu jana?" akauliza shemeji.

Hakuna aliyetaja kwamba siku zile, mitaa yote ikilia, kwaya.home.arpa ilifunguka bila kukwama, kwa sababu jina lilikuwa ndani na video ilikuwa ndani. Mama aliimba nayo asubuhi, baada ya chai na jioni. Alimshukuru Mungu na shemeji, kwa mpangilio huo.

Sasa mke wangu amejua kwamba mjumbe anaweza pia kudanganya. Ni kweli: ukiandika kwamba jina fulani liko 0.0.0.0, yeyote atakayeliuliza ataambiwa liko mahali pasipokuwepo, na mlango haufunguki. Nilikuwa natumia hilo kuua matangazo ya michezo ya watoto. Ameniletea karatasi ya daftari, imekunjwa mara mbili, ina majina ya kubeti aliyoyanakili kutoka ile siku aliyosoma juu ya bega langu. Kumbukumbu ile ile ya LUKU. Anataka yote yazimwe mpaka mtihani wa kurudia upite, na anataka nisimwambie mdogo wake aliyeagiza.

Sijui nani kavujisha. Wiki ya mavuno huku Mbulu kila nyumba inanukia vitunguu saumu, mtu kubeba ndoo yake hakumshangazi yeyote. Shemeji ameingia na moja imejaa mpaka mdomoni, vichwa vikubwa, vikavu, vya kuuzwa Babati, akaitua miguuni pangu, akaniuliza habari za seva. Amewahi kuuliza habari za seva lini?

Mama watoto ametoka jikoni, akaikuta ndoo.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya supu," nimemwambia.

Akainama, akachukua kichwa kimoja, akakipima mkononi. "Vyote hivi?"

Karatasi yake bado iko mfukoni mwangu. Mambo ya seva hayaharakishwi, nikamweleza, kuna utaratibu.